Bandeji ya Mzee Kaa

Kasa alikatwa na kamba ya nyavu, jeraha likakataa kufunga. Kila kitambaa alichofungwa kilinata kwenye nyama, na kukibandua ilikuwa adhabu. Baraza la wanyama wa mikokoni likakutana. Mzee Kaa akasogea mbele, kiubavu kama ilivyo desturi yake, akasema:

"Mnahangaika nini na mimi nipo? Gamba langu likishapikwa linaua vijidudu na kugandisha damu. Sihitaji msaada wa mtu."

Hakuna aliyembishia, maana kuhusu dawa alisema kweli. Magamba yakachemshwa kwa soda kali, yakayeyushwa ndani ya siki, likapatikana rojo zito. Fundi Buibui akalitia kwenye bomba la sindano, akaazima volti 20,000 kwa Radi, akasimamisha bati sentimita 15 mbele ya ncha. Tone likachomoza, umeme ukalivuta, likachongoka likawa pia. Wote wakanyamaza kuungoja uzi. Yakaruka matone matupu, pu, pu, pu, yakachafua bati.

"Mashine mbovu," akasema Kaa.

"Shikamoo, Mzee wangu," akajibu Buibui. "Mashine ni nzima. Ndani ya siki watu wa ukoo wako wote wanabeba chaji ya namna moja, kwa hiyo wanasukumana. Tena ni wakakamavu, hawakunjiki. Minyororo yenu ya molekuli isiposukana, hakuna uzi. Tumwite yule samaki, Mkunga."

Kaa akanuna. Mkunga ni mgeni, mrefu kupita kiasi, mtelezi, na dawa hana hata chembe. Kipaji chake ni kujizongazonga tu. (Maabarani, Kaa huitwa kitosani, na Mkunga ni polietilini oksaidi, bidhaa ya kiwandani inayoyeyuka majini.) Baada ya vikao na posho, ukaundwa mseto: Kaa sehemu 9, Mkunga sehemu 1. Mkunga akapewa unaibu usio na ofisi.

Chunguni walionekana ndugu wa tumbo moja. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Minyororo mirefu ya koo mbili haipendi kuchanganyikana; kinachoipatanisha ni maji mengi yaliyo katikati. Umeme ulipowashwa, safari hii uzi ulichomoka kweli, ukanyooka kidogo, kisha ukaanza kupinda na kujipigapiga hewani huku ukikonda. Njiani maji na siki vikatoroka. Mara kila ukoo ukaanza kutafuta wa kwake, Kaa huku, Mkunga kule. Wangepewa siku nzima wangegawana nyumba. Lakini safari ilikuwa ya kufumba na kufumbua, wakakauka na ugomvi wao ungali mbichi, sehemu nyingine Kaa kajaa, nyingine Mkunga. Iko miseto ya binadamu inayodumu kwa sababu hiyohiyo.

Batini ukalala utando mweupe wa nyuzi zenye unene wa nanomita 100 hadi 200. Unywele wako, msomaji, ni mnene kuliko uzi huo mara mamia.

"Vizuri," akasema Kaa. "Sasa huyu Mkunga aoshwe, atoke."

Sungura, mwanasheria wa baraza, alikuwa na azimio tayari mfukoni. Utando ukatumbukizwa majini. Ukavimba, ukalegea, ukayeyuka wote, Mkunga pamoja na Kaa mwenyewe! Mzee alikuwa bado amebeba siki mwilini, na mwenye siki mwilini huyeyuka majini kama mgeni yeyote. Buibui akafuma upya. Mara hii utando ulianza kwa kuchovywa kwenye maji ya magadi, siki ikaisha nguvu, Kaa akakazana. Ndipo ukasuuzwa na Mkunga akatoka. Pale alipokuwa amekaa pakabaki vitundu, na utando ukapitisha hewa na unyevu. Jeraha la Kasa likapumua, likafunga.

Bandeji sasa inauzwa mikokoni kote ikiwa na chapa: "Kaa Halisi, asilimia 100." Mkunga aliandika barua kudai ujira wake. Baraza likamjibu kwamba uzi umekaguliwa na yeye hakuonekana ndani yake, isipokuwa matundu, na matundu hayana fungu kwenye bajeti. Hadi leo hajalipwa.