Tope la Msimbazi lipewe maua yake

Dar es Salaam imewahi kuchorewa mipango mikuu mwaka 1949, 1968 na 1979, na waliochora waheshimiwe. Lakini ukitafuta ofisa mipango miji anayeripoti kazini kila masika bila posho wala semina elekezi, utalikuta tope la Bonde la Msimbazi. Mto unateremka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, na ukifika Jangwani unatanuka, kwa kuwa hapo ni tambarare na bahari iko jirani, pale Salenda. Maji yakipungua, ukutani hubaki mstari wa kahawia, usawa wa dirisha, ulionyooka kuliko kamba ya fundi. Huo ndio mpaka. Nyumba za mabondeni zilipopakwa X nyekundu ya kubomolewa mwaka 2015, wenye brashi walikuwa wananakili tu.

Wapo watakaosema tope linawaonea wanyonge. Mbona halichagui? Limeingia vyumba vya kupanga, likaingia pia karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa palepale Jangwani na watu wenye shahada na vipimo. Tofauti ni kwamba mpangaji alifuata kodi anayoimudu. Mradi ulikuwa na pa kwenda. Watasema pia linaua. Linaua kweli, kwenye mafuriko ya Desemba 2011 liliua wengi, na hapo sifa zangu nazikunja. Ila si tope lililouza viwanja bondeni, wala si lenyewe lililovuta umeme hadi kwenye nyumba iliyokuja kuambiwa kwamba haitambuliki. Manusura walipelekwa Mabwepande, mbali mno na Kariakoo kwenye riziki zao, na wapo waliorudi. Tope likawapokea bila kuwauliza hati.

Na ni karimu. Mvua ikikatika, vijana hushuka na makoleo kuchota mchanga lililouleta, malori yakaupeleka kufyatuliwa matofali, pengine ya nyumba nyingine hukohuko bondeni. Mchicha nao hunawiri kwa rutuba yake, pamoja na chochote viwanda vilichomwaga huko juu. Mlaji hatozwi nyongeza. Sasa serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, inalipa fidia na kuhamisha watu ili bonde liwe bustani na njia ya maji. Ni andiko lilelile ambalo tope limekuwa likiliwasilisha miaka yote, tena bila riba.