Sifa za Mkeka wa Uteuzi

Miongoni mwa neema za utawala zilizokosa msifu, mkeka unastahili kutangulizwa. Katika siasa za Tanzania, mkeka ni orodha ya walioteuliwa, waliohamishwa na waliotenguliwa na Rais, ambayo Ikulu huitoa kwa taarifa fupi, aghalabu usiku, na ambayo ni nadra kutaja sababu, kwani sababu huzaa mjadala na mjadala huchelewesha viapo.

Wepesi wake una msingi wa kikatiba. Ibara ya 36 ya Katiba ya 1977 humpa Rais madaraka ya kuanzisha na kufuta nafasi katika utumishi wa Serikali, na Ibara ya 37 huongeza kwamba halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, ila pale Katiba au sheria inapomtaka. Waziri Mkuu hupigiwa kura na Bunge. Mawaziri wengine, makatibu wakuu na wakuu wa wilaya hawasumbuliwi na adha hiyo. Kenya, iliyochagua njia ya mateso, humketisha waziri mteule mbele ya wabunge na kumuuliza thamani ya mali zake, na Agosti 2024 Bunge lake lilimkataa mteule mmoja, Stella Soi Lang'at, mchana kweupe, jambo ambalo mkeka usingemtendea muungwana yeyote.

Huruma ya mkeka haina kifani. Aliyetenguliwa huambiwa kwamba atapangiwa kazi nyingine, yaani hakufukuzwa bali amewekwa akiba, na akiba hiyo huweza kuiva kweli: Nape Nnauye aliondolewa uwaziri Machi 2017 na kurejeshwa Januari 2022, January Makamba aliondolewa Julai 2019 na kurejeshwa Septemba 2021, kisha wote wawili wakatenguliwa kwa pamoja Julai 2024. Ndiyo maana huko Mbezi Beach, wanakoishi maofisa wengi wa jana na wenye matumaini ya kesho, mstaafu mwenye busara huchuja maneno yake hata barazani, na simu yake haizimwi. Hakuna shule ya adabu iliyopata kufundisha kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Faida kubwa zaidi, hata hivyo, humfikia mwananchi wa kawaida. Katika Manispaa ya Kinondoni, ambamo Mbezi Beach imo, wakazi humchagua diwani na madiwani humchagua meya, lakini mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri na msimamizi wa fedha na watumishi wake, huteuliwa na Rais. Mkazi wa Afrikana au Tangi Bovu anayeruka madimbwi wakati wa masika hana budi kushukuru kwamba mwenye funguo za hazina hatishwi na kura yake. Mkurugenzi huyo huyo, kwa ukarimu wa ziada, hadi 2024 kisheria ndiye aliyesimamia uchaguzi wa kumpata mbunge. Mei 2019 Mahakama Kuu iliona utaratibu huo unakiuka Katiba. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ambayo, tofauti na wakurugenzi, haikupangiwa kazi nyingine.