Diski Inalia, Ukoo Mzima Umekusanyika

Kwa siku kadhaa nyumba yetu ya Tabata iligawanyika: waliosikia na wasiosikia. Waliosikia kwanza walikuwa watoto. Nuru, ambaye mimi humwita Wakili kwa sababu hapokei agizo bila kulihoji, alikuwa mezani na kompyuta mpakato akifanya kazi za shule, mara akaziba sikio la kushoto kwa kidole. "Baba, hii kompyuta inalia." Mdogo wake, Kimbunga, akaja mbio kutoka uani, akalaza shavu juu ya meza, akathibitisha: inalia, tena kama mbu aliyenasa ndani ya chandarua. Asiyesikia alikuwa mmoja tu, mama mkwe wangu, na wewe unayeishi na mama mkwe unajua uzito wa kura yake.

Sisi humwita CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa mapenzi kabisa. Tangu ahamie kwetu kutoka Korogwe hakuna kilo ya mchele wala uniti ya umeme wa luku inayopita bila kukaguliwa. Akasogeza kiti, akatega sikio, akatoa hati yake: sauti haipo, watoto wametunga ili wasioshe vyombo.

Mimi niliisikia nilipoinama karibu sana. Mke wangu, Mama Nuru, aliisikia, ila akasema si jambo la usiku. Nikuambie kitu kilichonigusa: kila mmoja pale alikuwa anasema kweli. Sikio la mtoto hupokea sauti hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Umri ukienda, chembe laini za sikio la ndani huchakaa, na zinazotangulia ni zile za sauti nyembamba. Kwa hiyo CAG hakuwa mkaidi, wala Wakili hakuwa mwongo. Nilipakua kwenye simu programu ya kupima sauti, ile inayochora mawimbi kwenye kioo, nikaisogeza karibu. Mstari mmoja ukasimama juu peke yake. Nikazima kompyuta, mstari ukashuka. CAG aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaamua: vyombo vioshwe kwanza, sauti itafutwe baadaye. Vikaoshwa.

Lazima nikueleze ndani ya kompyuta ile kulikuwa na nini, uone kwa nini sikulala vizuri. Mama Nuru ni mweka hazina wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Hisa za akina mama, mikopo, marejesho, faini za wanaochelewa kikao, vyote vimo humo. Zimo picha za harusi yetu. Zimo picha za marehemu baba mkwe akiwa shambani, na CAG huziomba kila Idi akae nazo kidogo. Kwa hiyo kabla ya kutafuta ugonjwa tulianza na nakala. Hili nalisema kwa nguvu zangu zote, kwa sababu watu wengi huanza na bisibisi. Diski inayopiga mluzi inaweza kuzunguka miaka mingine, na inaweza isiamke kesho asubuhi. Ukiwa umeshanakili, umekuwa mtu huru.

Tulinakili kwenye diski ya nje, na ili kazi iende salama ilibidi Kimbunga azuiliwe. Mtoto huyu ana tabia ya kuibeba mashine ikiwa inafanya kazi, kutoka sebuleni hadi chumbani, huku anarukaruka. Nilimkalisha nikamweleza. Ndani ya diski kama iliyokuwa kwenye kompyuta mna sahani zinazozunguka, na ya kwetu ilikuwa ya mizunguko 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Juu ya sahani hupita kichwa cha kusomea, na nafasi kati yao ni nanomita chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kimbunga aling'oa unywele wake mmoja, akautazama kwenye taa, akaenda kukaa mlangoni kulinda mtu asipite. Hata CAG alizuiwa kwenda jikoni.

Hapo ndipo alipoingia shemeji. Kaka wa Mama Nuru anauza vioo vya magari Ilala, na kwa jinsi anavyotoa ushauri wa kila mtambo tunamwita Injinia. Alikuja kuazima pampu ya baiskeli, akakuta wali wa nazi, akabaki. Alipopata habari akaweka kijiko chini. "Shemeji, hiyo dawa yake ni friza. Iweke usiku kucha, asubuhi imepona." Ushauri huu si wake peke yake. Mafundi wengi wa zamani waliutumia kuamsha diski iliyokwama ili wavute mafaili ya mwisho, na wapo walioapa kwamba umewasaidia. Lakini diski yenye baridi ikitolewa kwenye joto la Dar es Salaam hutoa jasho, na unyevu ukifika kwenye sahani umeharibu kila kitu. Mama Nuru naye alikataa, kwa sababu friza imejaa barafu za ubuyu anazouza. Mimi na mke wangu kukubaliana mbele ya kaka yake ni jambo adimu. Nililifurahia sana.

Nakala ilipokamilika ndipo tukaanza upelelezi. Sauti nyembamba kwenye kompyuta ina washukiwa kadhaa, na si vizuri kumkamata diski kwa kuwa tu ndiye mwenye sifa mbaya. Kuna koili ndogo kwenye saketi za umeme: mkondo ukibadilikabadilika kwa kasi hutetemeka na kulia, na mlio wake hubadilika ukifungua kazi nzito au ukichomoa chaja. Tukachomoa chaja. Wakili, ambaye nilimteua kuwa masikio ya familia, akasema hakuna kilichobadilika. Kuna feni, ambayo vumbi la Tabata huipenda mno. Lakini sauti ilikuwapo tangu kompyuta inawaka, ikiwa bado baridi, kabla feni haijaanza kuzunguka. Nikachukua bisibisi ndefu ya Injinia, nikaegemeza ncha juu ya ganda, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nikahama pole pole toka kona hadi kona. Chini ya pale kinapokaa kiganja cha kushoto mluzi ulikuja wazi hadi nikashtuka. Kila mtu akataka zamu. CAG aliegemeza mpini, akafumba macho, akasema safari hii anasikia mngurumo. Mngurumo ni sahihi: ni mzunguko wenyewe, sauti nene ambayo sikio lake bado linaipata.

Tulisoma pia kumbukumbu za S.M.A.R.T., daftari la afya ambalo diski hujiandikia yenyewe. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo ililionyesha kwa rangi ya njano. Namba ya 05, inayohesabu sehemu mbovu zilizohamishwa, haikuwa sifuri. C5, inayohesabu sehemu zinazosubiri hukumu, nayo haikuwa sifuri. Diski nyingine hupiga mluzi maisha yake yote bila ubaya wowote. Mluzi uliozuka ghafla, ukifuatana na namba hizo zinazopanda, ni habari nyingine kabisa.

Mwisho tulizima, tukatoa betri, tukafungua skrubu za kifuniko cha chini, tukaivuta diski nje na kuiwasha kompyuta bila diski. Kioo kikawa cheusi na maneno meupe ya kulalamika kwamba hakuna cha kuwakia. Mama Nuru alikuwa akipita na sufuria ya chai. Alipoona weusi ule alisimama wima. "Baba Nuru, hela za watu!" Nilimshika mkono nikamwonyesha nakala, jedwali kwa jedwali, hadi deni la mwisho la mwanachama wa mwisho. Wakati huo Wakili alikuwa ameinamia meza. "Imenyamaza, Baba. Kabisa."

Kariakoo tulinunua SSD, ambayo haina sahani wala kichwa, haina kinachozunguka cha kuchakaa kwa namna ile. Fundi aliifunga, tukarudisha mafaili. Sasa kompyuta inawaka upesi kiasi kwamba kila mtu anaitaka: CAG kwa picha za mumewe, Wakili kwa shule, Kimbunga kwa michezo. Ile ya zamani muuzaji alitaka kuichukua, Mama Nuru akamkatalia, kwa sababu majina na madeni ya wenzake bado yamo. Iko ndani ya sanduku la khanga zake, na funguo anazo yeye.

Siku hizi kila baada ya kikao ananakili vitabu mara mbili. Nakala moja hukaa nyumbani. Ya pili ameipeleka kwa Injinia huko Kigamboni anakoishi, kwa sababu, alivyonieleza, bomba likipasuka nyumbani zote zitalowa pamoja. Nilipendekeza ikae kwa jirani, karibu zaidi. Alisema jirani yuko kwenye bomba lilelile.