Piano Penye Karai la Samaki

Piano, kwa asili yake, ni ala isiyoumbwa kwa ajili ya mtaa wetu wa Manyatta. Tangu fundi Bartolomeo Cristofori alipoibuni mjini Florence yapata mwaka 1700, imezidi kunenepa karne baada ya karne, hata ile kubwa ya kumbi za tamasha leo ina nyuzi zipatazo 230, zilizokazwa kwa nguvu ya tani nyingi juu ya fremu ya chuma, nayo haiingii mlangoni ila mlango uwe umejengwa kwa kuikusudia. Ilhali milango yetu, katika vichochoro vya nyuma ya Kondele, imekusudiwa mtu mmoja, naye apite ubavu. Na lau ingeingia, unyevu upandao kutoka ziwani ungeifumua gundi, na mchwa wangeipokea kwa taadhima ile ile wanayozipa boriti za nyumba.

Kwa hiyo mtu wa mtaa huu akitamani piano hununua kinanda cha plastiki, ambacho kwa miaka mingi kimetuhudumia kwa uaminifu makanisani na matangani, na hususan katika ohangla, ambako kimejiketisha bila haya mahali palipokuwa pa orutu na ngoma zilizowambwa ngozi ya kenge. Mimi sikilaumu. Sauti yake iitwayo piano ina unasaba na piano kwa kadiri ile ambayo ng'ombe aliyechorwa kwenye pakiti ya maziwa ana unasaba na ng'ombe. Lakini hakuna aliyewahi kulalamika, na waumini huokoka vivyo hivyo.

Fitina ilianza pale ziliponifikia habari za Salamander. Hilo ni jina la piano isiyo na mbao wala nyuzi: bwana mmoja, Alexander Holm, alichukua piano ya Yamaha C5, akairekodi kila ufunguo wa tatu, tangu wa chini kabisa hata wa juu kabisa, kila mmoja kwa nguvu 16 mbalimbali, kuanzia mguso wa mtu anayeogopa kumwamsha mtoto hadi kishindo cha mwenye deni lisilolipwa, na kisha, kwa ukarimu usioelezeka, akaigawa bure kwa walimwengu. Kinanda changu, kikiunganishwa na kompyuta kwa waya, hakina tena sauti ya kwake; kazi yake ni kupeleka taarifa kwamba ufunguo fulani umebonyezwa, kwa nguvu fulani kati ya 1 na 127, na kompyuta ndiyo ichaguayo sauti ya kujibu.

Wa kwanza kuja kuisikiliza alikuwa Jaduong' wa nyumba ya pili, ambaye ujanani alipiga nyatiti huko Siaya, na ambaye hutazama kila ala yenye nyuzi zaidi ya nane kuwa ni israfu. Aliinamisha kichwa, akasikiliza utenzi mzima, asiseme neno juu ya muziki. Hatimaye akauliza, "Japuonj, ni nani huyo anayegonga mbao humo ndani?" Nikamweleza kwamba mrekodi hakuacha kitu: hata mlio wa nyundo zikirejea mahali pake baada ya kidole kuinuka, aliurekodi pia. Uso wa mzee ukang'aa. Katika nyatiti, mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo ubao wa ala, na kugonga huko ndiko kushikako wimbo wote usisambaratike. Akanisihi basi niiondoe piano, nimwachie kule kugonga. Programu yaruhusu jambo hilo. Nikaizima piano, nikapiga utenzi ule ule kwa nyundo tupu, na Jaduong' akakaa kitako kwa raha zake, akitikisa mguu, akitangaza kwamba Wazungu nao wana watu wenye masikio.

Dhiki ya pili ilikuwa ya hesabu. Kompyuta haiwezi kutoa sauti papo hapo. Yakusanya kwanza vipande vya sauti katika hodhi, na hodhi likijaa ndipo humwaga. Mashine yenye nguvu hutosheka na hodhi dogo. Yangu, iliyokuwa imestaafu kazi ya ofisi kabla ya kunijia, ilipopewa hodhi dogo ilitokwa na mipasuko na vikohozi, haikutulia mpaka ikapewa vipande 2,048. Na kwa kuwa hutumia vipande 48,000 kwa kila sekunde, maana yake ni kuchelewa kwa takribani elfu-ya-sekunde 43. Yaonekana si kitu. Lakini sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde, na katika muda huo huwa imekwenda mita 14 na nusu. Yaani nilikuwa nikiisikia piano yangu kana kwamba imewekwa mita 14 na nusu kutoka nilipoketi. Nikapima kwa hatua kutoka kitini, nikatoka mlangoni, nikavuka mtaro, nikajikuta penye karai la Nyar Alego, akaangaye samaki wa mgongo wazi jioni.

Kwa kuwa ni jirani mwema, nikaona ni adabu kumjulisha.

"Piano iko hapa?" akauliza, akigeuza samaki.

"Kwa hesabu, ndiyo."

"Basi, mwalimu, uisogeze kabla ya magharibi. Hapo ndipo wateja wanaposimama."

Nyimbo za kanisa letu, ambazo hazijapata kuwa na haraka, zilivumilia umbali huo. Ohangla haikuvumilia: mpiga ngoma alimaliza, na piano ikawa bado inavuka mtaro.

Lakini msiba uliotikisa kanisa ni ule wa stima. Umeme wetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na kompyuta ikichomekwa soketi moja, mikisa ikachomekwa nyingine, mkondo huzunguka baina yao kwa njia ya ardhi na spika zikaanza kunguruma mfululizo. Sasa, sauti ya G iliyo chini kabisa katika piano hutetema mara 49. Alhasili, kanisa lilikuwa likinguruma kwa G, iliyopanda kwa thuluthi ya nusu-toni, na kwaya, ambayo kwa miaka mingi ilianza kila wimbo mahali popote ilipojaliwa, ikapata kwa mara ya kwanza katika historia yake pa kuegemea. Waliimba kwa umoja wa kutisha. Aliyebaki nje ya umoja huo ni piano peke yake, iliyorekodiwa kwa uangalifu wote ule. Nami, baada ya kutafakari nani kati yao aliye rahisi kurekebishwa, niliikaza piano ifuate stima.

Ipo tiba: chomoa kompyuta, itumie betri, na ngurumo hukoma mara moja. Tuliijaribu Jumapili moja. Besi walianza huku, soprano wakaanza kule, mwalimu wa kwaya akanigeukia kwa ghaidhi na kuniomba nimrudishie sauti ya stima. Na kabla sijafika kwenye soketi, betri, ambayo nayo ilikuwa mstaafu, ikazimika, tukabaki na kigoma na makofi.

Suala hilo likafikishwa mbele ya kamati. Nilieleza kwamba kifaa kidogo, transfoma ya kutenga, kingeiondoa ngurumo bila kuichomoa kompyuta. Soprano walipinga kwa kauli moja, alto wakawafuata, besi wakajizuia kupiga kura, na mweka hazina akaiandika ngurumo katika daftari la mali ya kanisa, baina ya viti vya plastiki na sufuria kubwa.