Chungu cha Maskati na Supu ya Mzazi

Msomaji mwenzangu, kama umewahi kukaa nyumba moja na mzazi aliyejifungua juzi, mama mkwe aliyeteremka kutoka Moshi kuja kumlea, na papo hapo ofisini mnafunga hesabu za mwisho wa mwezi, basi wewe ni ndugu yangu, vuta kiti. Kama bado, vuta kiti vilevile, zamu yako inakuja.

Sisi tunakaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya nne. Mke wangu namwita Gavana, kwa kuwa hakuna shilingi inayoingia wala kutoka ndani mwetu bila idhini yake. Ana fremu ya mapazia kule Mtaa wa Kongo, na mwisho wa mwezi ndipo watu hupokea mshahara na kukumbuka kwamba madirisha yao yako uchi. Binti yetu, aliye darasa la nne, ni Katibu: ana daftari la kurasa mia ambamo huandika kila linalotokea nyumbani, nani kasema nini na saa ngapi, na ukibisha anakusomea. Shemeji yangu, kaka mdogo wa Gavana, ni Bwana Chaji. Huyo nitamrudia. Mzazi ni mdogo wao wa mwisho, na kichanga chake tunakiita Mheshimiwa, maana akikohoa tu nyumba nzima inasimama. Juu yetu sote yuko mama mkwe, Mkaguzi Mkuu. Huyo jina lake nalitamka moyoni tu. Mdomoni ni "Mama", na shikamoo juu.

Sasa, mzazi ni supu. Hilo halina ubishi Machame wala Mafia. Ubishi ni supu gani. Kwao Machame, mzazi bila mtori hajatunzwa: ndizi za mshare zimechemshwa na nyama ya mifupa mpaka zimelainika, zikapondwa, ikawa nzito ya kushikilia kijiko. Kwetu sisi watu wa Pwani, aliyetoka leba anapewa supu yenye pilipili manga na tangawizi, ya moto, ya kumtoa jasho. Mimi nilisimama na makongoro. Kongoro la ng'ombe limejaa ute wa gundi kwenye kano na viungio, na ute ule ukipikwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi huyeyuka ukaingia kwenye mchuzi, hata supu ikipoa inaganda na kutetemeka bakulini. Ndiyo maana mamalishe wetu wa Kariakoo huinjika makongoro usiku ili saa kumi na mbili asubuhi wateja wayakute na chapati. Moto mkali haukusaidii kitu hapo. Utapata maji yanayoruka na kano kama kandambili.

Gavana akaamua kama anavyoamua mambo ya fedha: makongoro na mshare, chungu kimoja, kila upande upate chake. Mkaguzi Mkuu akakubali kwa sharti la mshare wenyewe, siyo "hizi ndizi zenu za kukaangia." Zamani, alisema, angeshuka tu shimoni, ile sakafu ya chini ya ardhi ya Soko la Kariakoo, akachagua mkungu kwa mkono wake. Ana mapenzi makubwa na soko lile, na simlaumu. Alilichora Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake la zege limeumbwa kama miavuli iliyopinduliwa ili kukinga maji ya mvua. Lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, Mama alipiga simu kutoka Machame kutupa pole kama tumefiwa, na kwa kweli tulikuwa tumefiwa. Basi ndizi nikazifuata Mabibo, kwenye soko la ndizi, mvua ya masika ikininyeshea, na picha ya kila mkungu nikiituma kwa simu ili ikaguliwe.

Halafu kikaja chungu chenyewe. Dada yangu yuko Maskati, na kila akija likizo begi lake kubwa ni la watu wengine. Safari ile alituletea chungu cha umeme cha kupikia polepole: bakuli zito la udongo uliong'arishwa, limekaa ndani ya ganda lenye waya wa joto, juu kifuniko cha kioo. Unaweka vitu vyako asubuhi, unakwenda kazini, unarudi supu imeiva. Kinakula kama wati 200. Saa 8 ni uniti moja na nukta sita, na Gavana aliyapiga mahesabu hayo mara mbili kabla ya kukipa ruhusa ya kukaa jikoni.

Dada ni mtu wa kueleza. Kwa sauti ndefu za WhatsApp alinifundisha kwamba kule Omani wana shuwa ya sikukuu, mbuzi aliyepakwa viungo akafungwa kwenye majani na kufukiwa kwenye shimo la makaa siku nzima au mbili, na hakuna anayefukua kuchungulia. Akanieleza pia habari za Irving Naxon wa Chicago, aliyepata hataza ya chungu cha namna hii mwaka 1940. Mama yake Naxon alikuwa amemsimulia jinsi Wayahudi wa Lithuania walivyokuwa wakipeleka vyungu vyao kwa mwoka mikate Ijumaa jioni, kabla Sabato haijaingia, vikalala ndani ya tanuri linalopoa, na kesho yake chakula kikatoka kimeiva bila mtu kugusa moto. Mwaka 1971 kampuni ya Rival ikakiingiza sokoni kwa jina la Crock-Pot, wakati ambapo akina mama wengi wa Marekani walikuwa wakitoka kwenda kazini. Niliposikia hilo nilimwona Gavana wangu, saa moja asubuhi, anashuka ngazi na robota la mapazia begani. Kile chungu kilikuwa chake kabla hakijafika.

Dada alitoa na onyo moja ambalo naliweka hapa kwa faida ya jirani yeyote: maharage mekundu makavu usiyatie moja kwa moja. Yana sumu inayokufa kwa maji yanayotokota sawasawa, dakika kumi hivi, na joto la chungu hiki linaweza lisifike hapo. Yachemshe kwanza jikoni. Gavana alikuwa ameshayapima bakuli zima. Yakarudi kwenye kopo.

Usiku Gavana aliyatokosa makongoro kwenye gesi, akamwaga maji ya kwanza na povu lake. Alfajiri nikayapanga chunguni: makongoro chini, kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, karoti, pilipili manga nzima, mshare zilizomenywa na kukamuliwa ndimu zisiwe nyeusi. Maji ya moto juu. Nikafunika, nikabonyeza, taa nyekundu ikawaka. Nikamwambia Mkaguzi Mkuu, kwa heshima zote, jambo moja tu: kifuniko kisifunguliwe, kwa kuwa kila ukikifungua joto linatoka na unapoteza karibu nusu saa ya upishi.

"Sawa baba," alisema. "Nenda kazini kwa amani."

Nikapanda mwendokasi mpaka Kivukoni. Ofisi yetu iko upande wa Magogoni, hatua chache kutoka Feri, na mchana upepo ukigeuka unaingia na moshi wa samaki wa kukaanga kutoka sokoni, na honi ya pantoni la Kigamboni inakukata katikati ya kujumlisha. Siku ya kufunga hesabu hatunyanyui kichwa. Simu ikaita saa tatu kasoro.

"Baba, hiki kitu hakichemki."

"Mama, hakichemki kweli. Ndivyo kilivyo."

"Nimefungua nikaangalia. Hakuna hata povu."

Hapo ndugu yangu ungefanya nini? Ni mwanamke aliyelea watoto saba kwa moto wa kuni, kila sufuria ya maisha yake imemjibu kwa kutokota, na ndani ya chumba cha pili amelala binti yake mdogo anayesubiri chakula. Chungu kilichokaa kimya kwake ni chungu kilichokufa. Nilimweleza taratibu, akaitikia kila neno, na nilisikia kifuniko kikigonga ukingo wa bakuli wakati tukiagana.

Simu ya pili ilitoka kwa Mzazi: umeme umekwisha. Uniti ambazo Gavana alikuwa amezipima zitufikishe Jumapili zimekwisha Alhamisi saa tano. Nikanunua LUKU kwa simu nikiwa chini ya meza ya mkutano, tokeni ikaja, tarakimu 20, nikaituma. Mzazi hawezi kupanda kwenye stuli kufikia mita, Bwana Chaji "katoka kidogo", kwa hiyo kazi ikawa ya Mkaguzi Mkuu, na miwani yake ilikuwa Machame. Nikamsomea tarakimu kwa mnong'ono, nne nne, mkuu wangu wa kazi akinitazama. Tulipofika kundi la nne Mheshimiwa akaamka akalia, mama mkwe akaacha mita akaenda kumbembeleza, tukaanza upya. Mita ilipokubali, ukumbi wa mkutano ulisikia vigelegele kutoka mfukoni mwangu.

Zilikwenda wapi uniti? Sasa namrudia Bwana Chaji. Shemeji yangu ana moyo mkubwa na marafiki wengi, na marafiki zake ni wamachinga wa Mtaa wa Kongo, wale wenye spika za kunadia zinazosema "buku buku buku" tangu asubuhi. Spika zile zinataka chaji, simu zao zinataka chaji, na yeye huzichukua kwa shilingi mia tano mia tano, akazipandisha ghorofa ya nne kwenye kapu, akazipanga kwenye ekstensheni jikoni kwetu, kwa sababu jikoni kuna soketi nzima. Fedha haiweki mfukoni, nalisema hilo kwa haki yake: nepi za Mheshimiwa nyingi amenunua yeye.

Yaliyotokea mchana nayajua kwa msaada wa daftari la Katibu, ambalo nanukuu kwa ridhaa yake. "Saa 9:10 nimerudi shule. Bibi amefungua chungu. Saa 9:25 Bibi amefungua chungu. Saa 9:40 Mjomba amechomoa chungu, amechomeka spika ya kaka wa soksi. Saa 10:15 Bibi ameweka mkono kwenye chungu, amesema hili ni kabati. Saa 10:20 Bibi amewasha mkaa."

Aliuwasha kwenye korido. Moshi wa mkaa kwenye korido ya ghorofa unawajulisha watu kuliko tangazo la msikiti, na majirani walitoka milangoni, kila mmoja na pole yake na ushauri wake. Mama wa mlango wa pili alileta iliki. Mpemba wa juu alileta ndimu na hadithi ya boko boko ya mama yake. Nilipopanda ngazi saa moja usiku nimebeba mkoba na mkate, nilikuta Mkaguzi Mkuu amekaa kwenye kigoda kama jaji, sufuria kubwa inatokota kwa kelele alizozitaka, mshare zimepondwa, na Gavana bado ana utepe wa kupimia mapazia shingoni akipuliza moto kwa kipande cha boksi. Mzazi alikunywa mabakuli mawili makubwa. Jasho likamtoka, akacheka, akaomba la tatu, na Mama akamtazama mpaka tone la mwisho. Mimi nilipewa mchuzi na mkate, na nilishiba kwa kule kucheka kwake.

Makongoro yenyewe hayakuwa yameiva. Yalikuwa magumu hata Bwana Chaji alirudisha sahani, jambo ambalo Katibu aliliandika na kulipigia mstari. Gavana akayakusanya, akayarudisha kwenye chungu cha Maskati na maji ya moto na chumvi, akakichomeka mwenyewe, akaweka kapu la spika nje ya mlango. Tukalala. Usiku mzima hakuna aliyefungua kitu, kwa sababu wote tulikuwa hoi. Supu ya namna ile inataka kuachwa peke yake, na katika nyumba ambayo watu wanapendana hivi, saa pekee ya kuachwa peke yako ni usiku wa manane.

Alfajiri harufu ndiyo iliyotuamsha. Mkaguzi Mkuu alikuwa wa kwanza jikoni. Alichukua mwiko, akagusa kongoro, mfupa ukatoka wenyewe, mweupe, umeachana na nyama yote. Akaonja. Akaonja tena. Mchuzi ulikuwa mzito, unashikanisha midomo. Akajaza bakuli la Mzazi, akajaza na la kwake, akakaa kwenye kigoda akanywa bila kusema neno, kisha akaniuliza kule Maskati chungu kama hiki wanauza shilingi ngapi.

Nilimtajia. Akatikisa kichwa: ghali mno, usimsumbue dada yako, mimi nitachukua hikihiki. Gavana akaitikia "haya Mama" kabla sijafungua mdomo. Arobaini ya Mzazi ikiisha chungu kinapanda na Mama basi la Moshi kutoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi, ganda kwenye buti limefungwa kwa kanga, na bakuli la udongo nilishike mimi mkononi mpaka mlangoni mwa basi, kwa kuwa Bwana Chaji haaminiki na vitu vya kuvunjika. Katibu ameshaandika tarehe.