Sifa za Kichwa cha Plastiki

Wengine na wausifu Mlima Kenya. Mimi nakisifu kichwa cha RJ45, kile cha plastiki mwishoni mwa kebo ya kompyuta, chenye pini 8 na ulimi mmoja, bei yake kama ya mandazi.

Mwaka 2013 Microsoft na wenzake walizindua huku Nanyuki mradi wa Mawingu, wa kupitisha intaneti kwenye masafa ya televisheni yaliyolala bure, umeme ukitoka kwa jua. Makubwa hayo! Lakini intaneti ikishuka kutoka angani na kuingia ofisini, hupiga magoti mbele ya kichwa hiki. Kikikataa, mawingu yabaki huko juu.

Na kina adabu zake. Waya 8 ni jozi 4, kila jozi imesokotwa ili kelele inayompata mmoja impate na mwenzake, zifutane. Bell, yule wa simu, alisajili ujanja huo mwaka 1881. Mipango ya rangi ni miwili, A na B, na tofauti ni kwamba jozi ya chungwa na ya kijani hubadilishana nafasi. Fundi wetu wa kwanza alifunga ncha moja A, nyingine B, kama mtalii aliyepanua miguu juu ya ikweta apigwe picha. Mashine za siku hizi hujirekebisha zenyewe, kwa hiyo aibu yake haikuonekana.

Wa pili alikuwa msanii. Alipanga jozi kwa jozi: chungwa, kijani, buluu, kahawia. Kipimaji kikawasha taa zote, 1 hadi 8. Tukamlipa, tukamwagizia na chai. Intaneti ikaanza kutambaa. Kumbe pini ya 3 na ya 6 ni mume na mke, ya 4 na ya 5 ni watoto waliolala katikati. Yeye alimwoza kila mzazi mtoto aliye kando yake. Kipimaji huuliza tu kama waya umefika, hakiulizi ulisafiri na nani.

Bila kichwa hiki, mafundi wangapi wa mji huu wangelala njaa?

Chetu sasa kimekatika ulimi. Kinashikiliwa na kijiti cha meno, na chini ya meza kilipo hapigi mtu deki bila idhini yangu.