Uzio Haufungi Mabao

Timu yetu ya Endarasha inatafuta mchezaji, na pesa za mchango zinatosha mmoja tu. Beki au straika? Pale sokoni, juu ya magunia ya viazi, kura zilishapigwa: straika. Ukitaja beki unatazamwa kama mtu aliyeomba chai ya rangi harusini.

Sababu wanazo. Novemba 2019, kule Japani, Olunga, straika wa Kenya, alipachika mabao manane mechi moja. Sawa. Lakini Juni mwaka huohuo, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri, aliifunga Tanzania mawili tukashinda 3-2. Mechi iliyofuata Senegal ikatutandika 3-0, tukafunga virago.

Na hawa wapiga kura ni majirani wa msitu wa Aberdare! Uzio wa umeme wa kilomita zipatazo 400, ulioanza kujengwa 1989 ukakamilika 2009, ndio unaomzuia tembo asishinde kwenye kabichi zetu. Waya ukikatika usiku, kijiji kizima kiko nje na tochi. Hapo hakuna anayeuliza uzio umefunga mangapi.

"Basi msajili huo uzio," mzee mmoja akanijibu, huku akikaza kamba ya gunia lake mara tatu, kiazi kisichomoke.